Asilimia ya Turnitin haisemi kama umeiba: uzi kwa mnaoandika asaimenti, proposali na tasnifu

Wakuu habari zenu.

Uzi huu ni mrefu, asiye na muda aupitie kesho. Nimeamua kuuandika kwa sababu kila ukifika msimu wa kukabidhi kazi maswali kuhusu Turnitin (ile softiwea ambayo vyuo hutumia kukagua maneno yanayofanana na ya wengine) ni yale yale, "jamani Turnitin imenipa 27 nafanyaje ishuke", "kuna softiwea gani ya kupunguza asilimia", "supavaiza kasema mwisho 20 mimi nina 22 ndo nimekwisha?", na majibu mengi wanayopewa hawa watu ni ya kuwazamisha kabisa. Mimi shughuli yangu ni kusoma kazi za wanafunzi, nina miaka mingi sasa, ripoti za Turnitin zinapita mikononi mwangu karibu kila wiki, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: kwa wengi wenu wizi wa kitaaluma hauanzii siku ya kuandika, unaanzia siku ya kusoma, pale kwenye notsi. Hiyo asilimia mnayokimbizana nayo inakuja mwisho kabisa, na wala haipimi wizi.

Ngoja nianze na hiyo asilimia maana ndo inayowakosesha watu usingizi.

Turnitin ipo tangu 1998, na 2019 ikanunuliwa na kampuni ya Advance kwa dola kama bilioni 1.75, si kitu cha uchochoroni. Kazi yake ni kulinganisha maneno yako na yaliyomo kwenye hifadhi yake, yaani kurasa za intaneti, majarida, pamoja na kazi za wanafunzi wengine zilizowahi kupakiwa. Ikikuta mfululizo wa maneno unaofanana inaupaka rangi halafu mwisho inakupa jumla: kijani mpaka 24, njano 25 mpaka 49, chungwa 50 mpaka 74, nyekundu kuanzia 75. Basi. Wenyewe wanaiita ripoti ya mfanano, hakuna mahali wameiita ripoti ya wizi, hilo jina tumelibandika sisi. Softiwea inaona maneno yanafanana, kujua kama yanafanana kwa haki au kwa dhuluma hiyo ni kazi ya mtu mwenye macho aliyekaa akafungua ripoti.

Ndo maana unaweza kukuta mwanafunzi wa sheria ana 35 na hana kosa lolote, kanukuu vifungu vya sheria neno kwa neno kama anavyotakiwa (kifungu cha sheria huwezi kukibadilisha maneno bana), orodha ya marejeo imehesabiwa, dodoso limehesabiwa, hata ukurasa wa jalada na tamko la mwanafunzi vimehesabiwa maana ni yale yale kwa chuo kizima. Halafu unakuta mwingine ana 6, kijani safi, anatembea kifua mbele, kumbe sura ya pili yote ni ya mtu.

Hiyo ya 6 nimeshaishika. Ripoti ilikuwa haina doa. Kilichonishtua ni sentensi moja katikati ya mapitio ya maandiko: "kama tulivyoona katika sura ya tano". Tasnifu yenyewe ndo kwanza iko sura ya pili, sura ya tano ni hitimisho. Sasa tuliona wapi na tuliona akina nani? Nikaanza kusoma kwa makini nikagundua lugha inabadilika ghafla, aya tatu za kubabaisha halafu kurasa saba zinateleza kama za profesa, halafu kubabaisha tena, na rejea zote kwenye zile kurasa saba zinaishia mwaka mmoja, kwamba baada ya hapo dunia nzima iliacha kuandika. Alichukua sura ya kitabu cha Kiingereza akaitafsiri yote kwa Kiswahili, hadi ile "kama tulivyoona" akaitafsiri nayo. Turnitin inalinganisha maneno, maneno ya Kiswahili hayakuwepo popote, ikatoa kijani.

Hapo wapo watakaosema kutafsiri nako si kazi? Ni kazi, ila si kazi ya kufikiri ulichoombwa ukifikiri. Hoja ni ya mwenyewe, mpangilio ni wa mwenyewe, mifano ni ya mwenyewe, wewe umebadilisha lugha. Ukitafsiri sentensi ya mtu mtaje, uweke na ukurasa, na useme tafsiri ni yako. Hili wanaoandika kwa Kiswahili hawaambiwi vya kutosha kwa sababu vyanzo vingi viko lugha nyingine na kila mtu anajiona salama.

Sasa turudi kwenye notsi.

Mtu anaanza risachi. Anafungua PDF kumi, kila akikuta aya tamu anaikopi anaipesti kwenye faili moja la Word, haweki alama za kunukuu, haandiki imetoka wapi, anajiambia nitakumbuka. Katikati anaingiza na mawazo yake mwenyewe kwa fonti ile ile. Mwezi unapita. Siku ya kuandika anafungua lile faili anakuta kurasa 40 za maneno mazuri na hajui lipi lake lipi la nani. Anaanza kulipanga, anaunga hapa anakata pale, anaweka majina mawili matatu mwisho wa aya kwa kubahatisha. Huyu ukimwambia umeiba atalia machozi ya kweli kabisa, kwa sababu moyoni mwake hakuiba. Lakini msomaji haoni moyo, anaona karatasi.

Mnamkumbuka Karl-Theodor zu Guttenberg, yule waziri wa ulinzi wa Ujerumani? Februari 2011 ilibainika tasnifu yake ya udaktari ina vipande vya watu kurasa kwa kurasa, watu wakafungua tovuti ya wiki (tovuti ambayo wengi wanaweza kuihariri) wakawa wanaichambua ukurasa mmoja mmoja kwa pamoja, Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua udaktari mwezi huo huo na tarehe 1 Machi akajiuzulu uwaziri. Utetezi wake ulikuwa upi? Kwamba kwa miaka aliyoandika ile kazi alipoteza udhibiti wa vyanzo vyake. Yaani notsi! Tume ya chuo haikumwelewa, Mei ikasema alidanganya kwa makusudi. Mimi sijui kichwani mwake kulikuwa na nini, ila angalieni pale, utetezi wa waziri na utetezi wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni ule ule, na wote hauwasaidii. Mwaka uliofuata Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, naye akaachia urais, chuo cha Semmelweis kilikuwa kimemnyang'anya udaktari alioupata 1992. Miaka 20 baadaye! Tasnifu inakaa maktaba inakusubiri.

Nifanyeje basi. Mimi nawaambia wanafunzi wangu hivi, na haihitaji softiwea yoyote. Ukikopi neno kwa neno, alama za kunukuu zinawekwa hapo hapo kabla hujainua kidole, na namba ya ukurasa inaandikwa hapo hapo. Ukiandika kwa maneno yako, funga kwanza kitabu au shusha ile PDF, andika ulichoelewa, halafu fungua uhakiki kama hujampotosha mtu. Na wazo lako wewe liandikie mbele MIMI kwa herufi kubwa. Inaonekana kama utoto lakini siku ya kuandika sura utaona, kila sentensi ina mwenyewe na unajua umwite nani.

Hiyo ya kufunga kitabu ndo watu wanairuka na ndo penyewe. Nitoe mfano. Tuseme kuna mwandishi anaitwa Fulani (hayupo, namtunga), kitabu cha 2015, ukurasa wa 42 kaandika:

"Wanafunzi wanaosoma usiku wa kuamkia mtihani hukumbuka mambo mengi asubuhi yake, lakini wiki moja baadaye wengi wao huwa wamesahau sehemu kubwa ya walichosoma."

Mwanafunzi kaweka kitabu wazi pembeni anaandika:

Wasomaji wanaojisomea usiku kabla ya mtihani hukumbuka vitu vingi siku inayofuata, ila baada ya wiki moja walio wengi huwa wamepoteza sehemu kubwa ya walichojifunza (Fulani, 2015).

Kamtaja Fulani, sawa. Turnitin pengine isione kitu. Lakini hebu ziweke sambamba uzisome: wanafunzi kawa wasomaji, asubuhi yake kawa siku inayofuata, wamesahau kawa wamepoteza, mifupa ya sentensi ni ile ile kiungo kwa kiungo. Hii bado ni sentensi ya Fulani, imevalishwa nguo nyingine. Kumtaja peke yake hakutoshi, kwa sababu kwa kutoweka alama za kunukuu unamwambia msomaji kwamba wazo ni la Fulani ila maneno ni yangu, na hilo si kweli.

Sasa mwingine kafunga kitabu:

Fulani (2015) anatenganisha kukumbuka kwa kesho na kukumbuka kwa muda mrefu. Kukesha kunasaidia la kwanza tu. Kama ni hivyo, mtihani mmoja wa mwisho wa muhula hauwezi kutuonyesha nani anaijua mada na nani aliibeba kwa usiku mmoja.

Mnaona? Sentensi mbili za kwanza ni za Fulani kwa maneno ya mwanafunzi. Ya tatu ni ya mwanafunzi mwenyewe, na ile "kama ni hivyo" inamwambia msomaji hapa Fulani kashuka, sasa naongea mimi. Huo mpaka ndo rejea inapofanyia kazi. Watu wengi wanaandika aya nzima ya sentensi nane halafu mwishoni kabisa mabano moja (Fulani, 2015), msomaji anabaki anajiuliza ni sentensi ya nane tu ndo ya Fulani au zote nane? Mtaje mwanzoni, endelea na "anaongeza kwamba", "kwa maoni yake", halafu onyesha pale unapomwacha.

Kuhusu fomati za kupanga marejeo (APA, MLA, Vancouver, Harvard) sitakaa sana, watu wanazipa uzito kuliko zinavyostahili. APA ilianza 1929 na saivi iko toleo la 7 la 2019, Vancouver ilizaliwa 1978 wahariri wa majarida ya tiba walipokutana mji huo, hii inayoitwa Harvard haina kitabu kimoja cha sheria kinachotambulika na wote, kila chuo kina Harvard yake, kwa hiyo ukiambiwa tumia Harvard omba mwongozo wa idara usigugo. APA nukuu ikifika maneno 40 unaitoa kwenye aya unaiingiza ndani bila alama za kunukuu, MLA ni ikizidi mistari minne. Koma ikikaa vibaya utakatwa maksi, hutafukuzwa chuo. Wanaofukuzwa ni wale ambao msomaji akifuata rejea hakuti kitu.

Hapo kwenye kufuata rejea na kutokuta kitu kuna habari tamu ngoja niwape. Kampuni ya uchapishaji ya Elsevier ilikuwa na mwongozo wa waandishi wenye mfano wa jinsi ya kupanga rejea, ukiwa na waandishi watatu, Van der Geer na wenzake, makala ya mwaka 2000 kuhusu sanaa ya kuandika makala ya kisayansi. Ile makala haipo. Haijawahi kuwepo, ni mfano tu wa kupangia koma na nukta. Mtafiti wa mambo haya Anne-Wil Harzing akaja kuifuatilia akakuta imesaitiwa mamia ya mara kwenye kazi za kweli zilizochapishwa. Watu walichukua kiolezo cha mwongozo wakakisahau mule ndani, na wengine, Mungu anawajua, wakakinyanyua kutoka kwenye orodha za wenzao.

Kuna wengine wawili, Simkin na Roychowdhury, mwaka 2003 walifuatilia makosa ya uchapaji kwenye rejea, kwamba mtu mmoja akikosea namba ya ukurasa, wangapi wanarudia kosa lile lile. Wakakadiria kwamba kama asilimia 20 tu ya wanaosaiti ndo wamesoma kazi yenyewe. Ni makadirio, wapo waliobishana nayo, lakini mimi ninavyoona kazi zinazokuja mezani kwangu siwezi kuwabishia sana.

Kwa hiyo kama umemkuta Fulani ndani ya kitabu cha mwingine, na kitabu cha Fulani hukukipata, sema ukweli: Fulani (1987, kama alivyonukuliwa na huyo mwingine, 2015). Kwenye orodha ya marejeo unaweka yule uliyemsoma, basi. Ukimweka Fulani moja kwa moja kana kwamba umemsoma na kumbe mwenzako alimnukuu vibaya, kosa linakuwa lako.

Naomba niishie hapa kwanza, maswali karibuni.

#2 kalamu_butu
Nakazia. Mkuu swali, vitu ambavyo kila mtu anajua navyo vinahitaji rejea? Supavaiza wangu ananiandikia "chanzo?" kila mstari mpaka kwenye "elimu ni muhimu" 😅

#3 Mleta uzi
@kalamu_butu hapo kwa "elimu ni muhimu" nadhani anakuambia ufute hiyo sentensi. Kitu kinachojulikana na kila mtu wa fani yako na hakuna anayekibishia, mfano maji huchemka nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, hakihitaji mtu. Ila ukishaweka takwimu, au ukishasema kitu kimesababisha kitu kingine, weka mtu. Na "watafiti wengi wanasema" bila hata mmoja, hiyo ni kama hujasema.

#4 Shuka Usome
Uzi mzuri ila mrefu, kuna aliyesoma atufupishie

#5 kalamu_butu
@Shuka Usome wewe ndo ile asilimia 80 😂😂😂

#6 nusu_msomi
Mleta uzi nakuheshimu lakini acha kutupamba. Kwetu wameweka 20, ukizidi mfumo haupokei kazi, hakuna mtu wa kufungua ripoti wala nini. Wewe unasema haipimi wizi, sawa, mimi itanisaidia nini? Mwenzangu katumia ile programu ya kubadilisha maneno imemshushia 41 mpaka 9 na kapita.

#7 Mleta uzi
@nusu_msomi malalamiko yako ni ya haki kabisa na sitakudanganya, chuo kinachoweka namba moja kwa fani zote halafu hakifungui ripoti kinawafundisha wanafunzi kuficha, hakiwafundishi kuandika. Lakini kabla hujakimbilia huko, fungua ripoti mwenyewe kama unaruhusiwa kuiona, au kaa na supavaiza. Kuna mpangilio wa kuondoa orodha ya marejeo, kuondoa yaliyo ndani ya alama za kunukuu, na kuondoa mifanano midogo midogo ya maneno machache. Vikishaondolewa vyote vitatu nimeona kazi inatoka 30 inafika 11 bila kuguswa neno hata moja. Kinachobaki pitia kimoja kimoja: hiki ni jina la taasisi refu, achana nacho, hii ni aya ya mtu nimeisahau alama, rekebisha, hii ni kazi yangu ya rasimu niliyoipakia mwezi uliopita, mwambie msimamizi aitoe.

Hiyo programu ya mwenzako sasa. Hizi programu zinabadilisha neno kwa neno jirani bila kujua linasemwa nini. 2021 watafiti Cabanac, Labbé na Magazinov walianza kuzifuatilia kwenye makala zilizochapishwa kabisa kwenye majarida, wakakuta badala ya akili bandia mtu kaandika kitu kama "ufahamu wa kughushi", saratani ya matiti ikawa kitu kama "hatari ya kifua". Daktari mzima anaandika hatari ya kifua! Makala nyingi za namna hiyo zimeondolewa tangu hapo. Yaani ile 9 ya mwenzako imempitisha kwenye mfumo, ila kazi iko maktaba, imesimama na jina lake juu, na siku moja mtu atakuja kuisoma. Usimwonee wivu.

Na wale wa kubadilisha herufi, unatoa "a" yetu unaweka "a" ya Kirusi inayofanana nayo, au unaficha maneno kwa rangi nyeupe, Turnitin siku hizi inazipigia bendera hizo mbinu. Hapo huwezi tena kusema nilisahau alama za kunukuu.

#8 Bi. Tanbihi
Kaka mimi niulize la akili mnemba (AI) maana umelikwepa. Mimi Kiingereza si lugha yangu, naandika mwenyewe halafu naipa ChatGPT inisafishie. Kazi ikirudi imeandikwa ni ya AI. Nimeiba kwa nani hapo?

#9 Mleta uzi
Dada sijalikwepa, nililiacha maana ni uzi wake mzima. Kwa ufupi.

Kwanza vigunduzi. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa kigunduzi chao mwanzoni mwa 2023, Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu kilikuwa hakipatii. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wasiokizungumza kama lugha yao) zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, zaidi ya nusu ya insha zikasemwa ni za AI na ziliandikwa na watu. Sababu waliyoitoa inaeleweka, mtu anayeandika lugha ya kujifunza anatumia maneno ya kawaida na sentensi za kutabirika, na kigunduzi kinatafuta hicho hicho. Kwa hiyo alama ya kigunduzi peke yake si ushahidi, anayekushtaki kwa hiyo tu mbishie kwa adabu.

Pili, kusafishiwa lugha. Soma kanuni za chuo chako, vingine vinaruhusu ukitamka, vingine havitaki kabisa, vingine vinamwachia mwalimu wa kozi. Ukiruhusiwa andika mstari mmoja kwenye shukrani au mbinu, umetumia nini na kwa kazi gani. Hifadhi ile rasimu yako kabla ya kusafishwa.

Tatu, na hapa ndo naogopa kuliko kote: usiiombe rejea. Inatunga. Inakupa jina la mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoingia akilini, na makala isiyokuwepo. 2023 New York mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi za kutungwa na ChatGPT, majaji wa kweli wametajwa ndani yake, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili. Kila rejea iliyoko kwenye orodha yako uwe umeigusa mwenyewe, fungua DOI yake (ile namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) uone inakupeleka wapi.

#10 Bi. Tanbihi
Asante kaka, nimeelewa. Rasimu ninazo zote kwenye imeili.

#11 kalamu_butu
Na hii ya kujiibia mwenyewe? Asaimenti yangu, maneno yangu, jasho langu, nikiitumia kozi nyingine naambiwa nimeiba. Namwibia nani, mama yangu?

#12 Mleta uzi
😂 Humwibii mtu maneno, unalipwa mara mbili kwa kazi moja. Maksi ya kozi ya pili inatolewa ikidhaniwa umefanya kazi mpya. Ukitaka kuendeleza kazi yako ya zamani muulize mwalimu kabla, wengi wanakubali, halafu jisaiti kama unavyomsaiti mtu yeyote. Proposali kuingia kwenye tasnifu hiyo haihesabiki, ni safari moja.

#13 Nondo za Maktaba
Nyie mnaohangaika na koma tumieni Zotero, ni ya bure, ipo tangu 2006, inapanga orodha yenyewe. Mimi sijawahi kuandika marejeo kwa mkono.

#14 Mleta uzi
Kweli, ila ikague. Inachukua taarifa ilivyozikuta kwenye tovuti, nikiona orodha yenye kichwa cha makala chote HERUFI KUBWA na mwandishi anaitwa "Admin" najua huyu kaamini Zotero na hakurudi kuangalia. Hata mahali pa kutunzia notsi imo mule ndani, kila chanzo na notsi zake chini yake, hiyo ndo faida yake kubwa kwangu kuliko koma.

#15 nusu_msomi
Mleta uzi narudi kwa adabu. Yule mwenzangu wa 9 kaitwa kamati ya nidhamu wiki ijayo, mtahini wa nje kasoma akasema haelewi lugha. Anauliza aende na nini.

#16 Mleta uzi
@nusu_msomi pole yake. Aombe ripoti nzima kwa maandishi, si ukurasa wa kwanza wenye namba, na aiombe leo, asisubiri siku ya kikao. Aombe pia kanuni ya chuo inayotumika kwenye shtaka lake maana kuandika vibaya na kudanganya huwa vina adhabu tofauti. Akusanye rasimu zote zenye tarehe, historia ya faili kama aliandikia Google Docs, PDF alizosoma zenye alama zake. Ile programu asiikane, wakimuuliza akubali, maana lugha ya aina ya "hatari ya kifua" haina maelezo mengine na akishakana hilo hata rasimu zake za kweli hawatazitazama. Aombe kuandika upya sura iliyolalamikiwa, aende na kurasa mbili tatu ambazo tayari kaziandika upya kwa kufunga kitabu, wazione. Na kama chuo kinaruhusu mtu wa kumsindikiza aende naye, akae pembeni aandike kila kinachosemwa.